Bega la Kushoto

Mtu yule alikuwa amelala chali juu ya meza yetu ya chakula, hana ngozi, na mguu wake mmoja ulikuwa umepita katikati ya bakuli la wali. Baba akasogeza sahani ya sambol, kachumbari yetu ya nazi, ili ampishe.

"Huna haja ya kusogeza kitu, Baba," nikamwambia. "Hayupo."

"Najua hayupo," akasema, na bado akasogeza na jagi la maji.

Miwani ya kompyuta niliyomvisha ilikuwa kubwa kuliko uso wake, ikamfanya aonekane kama fundi anayejiandaa kuchomelea geti. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Yeye hakuwa na miwani, kwa hiyo alichokiona ni mumewe ameinamia meza anaikagua hewa. Akaniuliza kama hicho kitu kina madhara kwa moyo wa mgonjwa. Nikamwambia hakina. Akasema basi kimtoke haraka, mchuzi wa fenesi unapoa.

Mimi nilikuwa nikifuatilia kwenye tableti kile alichokuwa akikiona. Aliinua kidole kama nilivyomfundisha, na misuli ya kifua ikajifungua ikakaa pembeni. Akainua tena, mbavu zikafuata, na moyo ukaonekana ukipiga taratibu. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, vile alivyokuwa akikitikisa zamani stesheni, treni ya asubuhi ilipofika kwa wakati. Kisha akarudisha kila kitu mahali pake, akarudisha na ngozi, akamtazama yule mtu kutoka kichwani hadi miguuni.

"Huyu kaumbwa kama mimi."

"Nje ni wewe," nikamwambia. "Si nilikupiga picha uani wakati wa mwaka mpya? Ndani ndiyo nimekusanya kwa watu wengi, huku na huku."

"Ila mabega yake yamenyooka."

"Simu ilikosea kidogo upande wa kushoto. Nimerekebisha."

Akajigusa bega lake la kushoto, akaliacha. "Vizuri," akasema. "Umeninyoosha."

Halafu akataka kujua jina la yule mtu. Nikamwambia hana jina. Akauliza aliyetoa mwili ni nani. Nikamwambia hakuna aliyetoa, na kwamba huo ndio uzuri wenyewe: hakuna maiti, hakuna harufu, hakuna jokofu, mwanafunzi anajifunza mwili wa binadamu popote alipo, hata kitandani kwake. Niliyasema haya kwa ufasaha, kwa kuwa nilikuwa nimeyasema mbele za watu wengi mwaka ule. Baba akavua miwani, akanirudishia kwa mikono miwili, akavuta bakuli la wali karibu yake.

"Basi thawabu anapata nani?" akauliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka, akapakua wali.

*

Nieleze kidogo jinsi tunavyofanya kazi, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Sisi tunaochora miili kwa kompyuta hatuchori mwili mzima. Tunachora nusu. Unachora mkono mmoja, mguu mmoja, nusu ya kifua, nusu ya uso, ukimaliza unaiambia kompyuta ikupe ya pili, nayo inakupindulia ile ile kama kwenye kioo. Moyo na ini unaviweka baadaye kwa mkono, kwa sababu hivyo vina upande wake. Mifupa, misuli na ngozi vinapinduliwa. Kila mtu katika fani yetu anafanya hivyo na hakuna anayeona haya, kwani inaokoa nusu ya kazi na mwili unatoka umenyooka, unapendeza machoni.

Tulikuwa wanne, katika chumba cha juu ya duka la vitambaa mjini Kandy. Mimi nilichora, Nirojan akaandika programu, wengine wawili wakatafuta wateja na kujibu simu. Nirojan ni mtu wa Jaffna, mcheshi, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau, na ana tabia ya kutofuta kitu chochote kwenye kompyuta yake hata ukimlilia. Yeye ndiye aliyesema miili ya programu za wenzetu wa nje yote ni ya vijana wa mazoezi, na kwamba hospitali zetu hazilazi vijana wa mazoezi, zinalaza wazee. Tutafute mzee. Mzee niliyekuwa naye karibu alikuwa baba yangu.

Nilimsimamisha uani nyumbani kwetu Gampola siku za mwaka mpya, amevaa saruni, nikamzunguka na simu polepole. Alisimama kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa unapopigwa. Kuku wakapita mbele ya miguu yake na hakuwafukuza, kwa sababu nilimwambia asitikisike. Niliporudi kazini, Nirojan alilitazama umbo lile likizunguka kwenye kioo, akaonyesha bega la kushoto. Lilikuwa chini ya lile la kulia, na kuelekea shingoni palikuwa na kinundu. Akasema mkono wangu umeteleza, nichukue upande mzuri. Nikachukua upande wa kulia, nikaupindua.

Bega la baba nilikuwa nimeliona maisha yangu yote. Nilidhani ni mazoea ya kukaa vibaya, na nilipokuwa msichana mkubwa nilikuwa namtania kwamba anatembea kama mlango uliotoka bawaba moja. Yeye alikuwa akiinua bega kwa makusudi, anatembea hatua chache kama askari, halafu linashuka tena.

Jina lake Dingiri Banda Herath, na alikuwa mkuu wa stesheni ndogo za reli ya milimani mpaka akastaafu. Kazi hiyo hakuiomba kwa mapenzi. Alikuwa amefaulu kwenda chuo cha ualimu, babake akafariki mwaka huo huo, na reli ndiyo iliyoita kwanza. Mtu mwingine angesahau. Baba hakusahau. Treni ikichelewa alikuwa anatoka ofisini na chaki, anawachorea abiria ubaoni mahali udongo ulipoporomoka na jinsi vijana wa reli wanavyoufukua, na abiria waliotaka tu kujua watafika saa ngapi walilazimika kusikiliza mpaka mwisho. Nyumbani alinifundisha hesabu kwa ukali asioutumia kwa jambo lingine lolote.

Moyo ulipoanza kumsumbua, alikwenda peke yake akajaza karatasi ya kutoa mwili wake kwa chuo cha udaktari. Kwetu si jambo la ajabu. Watu wengi hutoa macho, na wengine hutoa mwili mzima, na huhesabiwa kuwa sadaka kubwa kupita zote. Alituambia wakati wa chakula cha mchana, kama anayetuambia amenunua mbolea.

"Hatimaye nitafundisha," akasema. "Tena hawa hawataweza kunitoroka, watakuwa wamelipia ada."

Mama alimnunia mpaka mwezi mpevu uliofuata, siku ya poya. Kisha akazoea.

Kuna pia kisa cha baiskeli, ambacho hakuna mwaka mpya uliopita bila kusimuliwa. Nilikuwa mtoto mdogo, nimekaa kwenye bomba la mbele la baiskeli ya baba, tunateremka kona ya kiwanda cha chai. Mbwa akakatiza barabara. Baba akamkwepa, tukaingia wote kwenye michai. Mimi sikuchubuka hata ukucha. Baba alinibeba mpaka nyumbani, akaninunulia pipi ya ufuta njiani ili nisilie. Alikuwa anaisimulia kwa mbwembwe, mbwa akizidi kuwa mkubwa kila mwaka, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

*

Chuo hicho hicho cha udaktari kilitaka programu yetu. Mkuu wa kitivo aliitaka zaidi kuliko tulivyothubutu kutumaini. Alikuwa na ukumbi wa chini, ule wa maiti, wenye majokofu yanayoharibika kila umeme ukikatika na watumishi wanaostaafu bila kupatikana wa kushika nafasi zao. Alilipeleka jambo kwenye baraza la kitivo kwa maneno mepesi: programu ikipita, ukumbi utafungwa, na miili haitapokelewa tena. Baraza lingekaa baada ya Vesak, sikukuu yetu ya taa. Kwetu sisi wanne maana yake ilikuwa chuo kimoja leo, na vyuo vyote vya nchi kesho. Bila hicho, chumba cha juu ya duka la vitambaa kingerudi kwa mwenyewe.

Kabla ya hapo walitupa kundi la wanafunzi tuwajaribie. Waliipenda papo hapo. Waliuweka mwili kwenye meza ya kantini katikati ya pakiti za wali, wakala huku wakitaja mishipa. Kijana mmoja akaupachika moyo juu ya kichwa cha mwenzake na wote wakapiga picha. Nirojan akaninong'oneza kwamba watu wakicheza na kitu, ujue wamekipenda. Nami nilikubaliana naye. Waliijua mishipa ya mkono vizuri zaidi kwa siku chache kuliko wenzao wanavyoijua kwa muhula.

Mwalimu wao wa anatomia alikuwa Profesa Malkanthi Ekanayake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, anayevaa sari ya pamba na viatu vya kupandia mlima. Alitazama kila kitu. Siku ya mwisho akaniuliza kama nimewahi kushuka kule chini. Nikasema hapana, nilichora kutokana na vitabu na picha za mashine. Akaniambia twende.

Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu, na harufu ilikuwepo, lakini siyo iliyonishika. Wanafunzi walikuwa wamezunguka meza, wote wamesimama, wanasemezana kama watu waliomo chumba cha mgonjwa. Walitaka kugeuza mguu wa bibi mmoja. Kijana akajaribu peke yake, akashindwa, mwenzake akaja, wakaugeuza wawili kwa uangalifu, na msichana mmoja akasema "samahani, Bibi," bila mtu yeyote kumcheka. Kwenye programu yangu mguu huo unainuka kwa ncha ya kidole. Profesa akaniuliza kama nataka kushika mkono. Nikaushika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani mkono unaweza kuwa, na nilisimama nao muda, sijui niuweke vipi.

"Mimi si adui wa programu yako," akaniambia tulipokuwa tunanawa. "Kwa mishipa ya fahamu inanishinda. Ningeianza kesho. Ila kwenye baraza nitakuuliza swali moja, nami naomba unijibu kweli."

Nilimwuliza swali gani. Akasema nikilijua mapema nitalitafutia jibu zuri.

*

Baba alikuwa kibarazani nyumbani anatengeneza taa ya Vesak, vijiti vya mianzi vimemjaa miguuni, mimi namshikia uzi. Alikuwa amedhoofika. Alikata mianzi kidogo, akapumzika, akakata tena. Habari ya baraza la kitivo alikuwa ameisikia kwa Mama, na Mama ameisikia kwangu.

"Wakiichukua ya kwako," akasema, macho yako kwenye fundo, "mimi watanipokea?"

Nikamwambia sijui. Nilijua. Mkuu wa kitivo alikuwa ameshanieleza kwamba watu wote walioandikisha miili yao wangepelekewa barua za shukrani na kuambiwa haihitajiki tena.

"Si neno," Baba akasema. "Nitachomwa kama watu wengine. Babu yako alichomwa na hakulalamika." Akanyoosha mkono nimpe gundi. Alipoipata akaongeza, "Ni vile nilikuwa nimeshajiandaa kwa darasa."

Hakuniomba kitu. Angeniomba, nadhani ningemkatalia, ningemweleza habari za maendeleo na vijana wanne wenye kodi ya nyumba, na tungegombana tukamaliza. Badala yake aliniuliza kama taa ile ikae nyekundu au njano. Niliumia, na nikasema njano.

Baraza lilikaa kwenye chumba chenye picha za wakuu waliopita. Nirojan aliuweka mwili juu ya meza ndefu ya mninga, na maprofesa waliovaa miwani yetu wakaanza kusogeza vikombe vyao vya chai kama baba alivyosogeza sambol. Nilieleza kila kitu nilichozoea kueleza. Walipendezwa. Mkuu wa kitivo akanitabasamia kama mtu aliyekwisha kuuza jokofu. Ndipo Profesa Malkanthi akavua miwani, akaikunja vizuri.

"Daktari aliyejifunza kwa huyu peke yake," akasema. "Wewe ungelala, akupasue?"

Nilimtazama yule mtu mezani. Alikuwa na kiwiliwili cha baba yangu, amenyooka kabisa, bega sawa na bega. Nirojan alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa upole, kunikumbusha kwamba swali la aina hiyo tulikuwa na jibu lake kwenye karatasi.

"La," nikasema. "Nimechora nusu tu. Nusu ya pili ni ile ile, nimeipindua. Hakuna mtu aliye hivyo."

Hawakuelewa mara moja, ikabidi nieleze. Nilieleza kwa utulivu, kama mwuza gari anayemwonyesha mteja kutu. Mpaka leo sijui nilisema kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya baba, na nimeacha kujiuliza. Baraza liliamua kwamba ukumbi ubaki, na programu inunuliwe ya kuusaidia, kwa mkataba mdogo wa mwaka mmoja mmoja.

Nirojan hakusema nami wiki nzima. Wale wenzetu wawili waliondoka kabla ya msimu wa mvua, mmoja kwa amani na mwingine kwa maneno. Siku Nirojan alipoamua kufungua kinywa, alisema kwamba katika maisha yake ameona watu waliozuiwa na serikali, na vita, na mafuriko, lakini ni mara ya kwanza kumwona mtu aliyezuiwa na nusu ya mtu. Kisha akauliza kama nataka chai.

Nilipompa Baba habari, alikuwa kitandani. Nilisema tu kwamba watampokea. Hakuuliza imekuwaje. Akasema, "Mwambie mamako anikate nywele. Nimekaa ovyo."

*

Alifariki mvua zikiwa zimeanza. Bendera nyeupe zikafungwa kwenye uzi kutoka lango letu mpaka njia kuu, majirani wakaleta chai na biskuti, na kila mmoja kwa zamu yake akamwuliza Mama mazishi ni lini, akajibiwa hakuna mazishi. Shangazi yangu wa Nawalapitiya alisema waziwazi kwamba hajawahi kuona msiba usio na moto wala kaburi, na atamwekea maua wapi. Mama akamjibu ayaweke popote, Banda hakuwa mtu wa kuchagua.

Gari la chuo lilikuja. Kabla halijaondoka nilimpigia simu Profesa, nikamwomba jambo moja. Kwetu mwanafunzi siku ya kwanza humpa mwalimu wake kicha cha majani ya tambuu, humpa kwa mikono miwili, kisha huinama mpaka chini. Nikamwuliza kama huwa wanafanya hivyo kule chini. Akasema huwa wanaweka maua meupe.

"Huyu mpeni tambuu," nikasema. "Alitaka kuwa mwalimu."

Akasema sawa.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku ya kuwaombea waliotoa miili, chuo kilijaza uwanja wa ndani viti na vitambaa vyeupe. Watawa walisoma, na jamaa za marehemu tukapewa kila familia jagi la maji na kikombe ndani ya sinia. Mama na mimi tukalishika jagi kwa pamoja, tukamimina taratibu mpaka kikombe kikajaa na maji yakamwagikia kwenye sinia, thawabu imfikie alipo. Wanafunzi ndio waliotuhudumia chakula. Wao hawaambiwi majina ya waliowafundisha, nasi hatuambiwi nani alisomea meza gani, kwa hiyo watu walikuwa wakitazamana usoni huku wakipokezana vikombe.

Msichana mfupi aliyevaa sari nyeupe alinipa chai. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anajua ni meza gani iliyopewa tambuu.

Akaweka sinia chini. "Ya kwetu," akasema.

Jina lake Yazhini. Aliniangalia, akamwangalia Mama, akaunganisha viganja kifuani akamwinamia. Alisema kila meza huwa na jina, kwa sababu huwezi kumshika mtu mwaka mzima humwiti chochote. Wengine walikuwa na Babu, wengine Bibi. "Sisi kwa ajili ya yale majani tulimwita Mwalimu."

Mama alichukua kile kikombe changu cha chai akanywa yeye.

"Alitusumbua sana hapa," Yazhini akaendelea, akijigusa bega la kushoto, na sasa uso wake ulichangamka kama wa mtoto anayesimulia shule. "Kitabu kinasema hivi, programu inasema hivi, yeye anasema vingine. Mfupa wake wa mtulinga ulivunjika, zamani sana. Haukufungwa na daktari. Vipande vilipandana vikashikana vyenyewe, na misuli yote ya pale ikahama ikafuata. Tulibishana siku nzima. Profesa akatuuliza mtu huyu alikuwa anabeba mzigo kwa mkono gani, na mimi ndiye niliyepata. Lazima ulikuwa unamuuma, hasa mvua ikinyesha. Alianguka?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema sijui.

Tulirudi Gampola kwa treni, Mama dirishani. Tulipita stesheni mbili ambazo baba alikuwa mkuu wake, na kwenye ya pili mtumishi kijana alikuwa akipunga bendera ya kijani huku akizungumza na simu. Mama alimtazama mpaka akapotea.

"Ni ile siku ya baiskeli," akasema.

"Ile ya mbwa?"

"Mbwa gani," Mama akasema. "Hakukuwa na mbwa."

Akanieleza bila kuharakisha, akiwa bado ametazama nje. Mimi ndiye niliyelilia kushika usukani, na baba akaniachia. Tukiwa kwenye kona nikaona tiara juu ya kiwanda cha chai, nikaugeuza usukani kulielekea. Alianguka yeye chini, mimi juu yake. Akanibeba kwa mkono wa kulia mpaka nyumbani. Mama alipoona alivyopauka alitaka aende hospitali, naye akasema mtoto akimwona kafungwa bandeji atajua amemvunja, na mtoto huyu analia hata kuku akichinjwa. Akamwambia amfunge kwa kipande cha saruni chini ya shati. Kesho yake alikwenda kazini, akapunga bendera kwa mkono wa kulia. "Wewe ulikuwa hujamaliza pipi," Mama akasema, "mbwa ameshakatiza barabara."

Nilitazama mikono yangu. Nilikumbuka kwamba sikuwahi kubebwa upande wa kushoto, wala sikuwahi kuona ajabu. Nililia kidogo, na Mama akanipa kitambaa chake, akaanza kunielezea habari za bei ya nazi.

*

Jumatatu nilimwomba Nirojan anitafutie lile umbo la kwanza, lile la uani, kabla sijalipindua. Hakuwa amelifuta. Nilikaa nalo mpaka mvua zikaisha, nachora upande wa kushoto peke yake, bega lililoshuka, kinundu, mtulinga uliopandana, misuli iliyohama ikafuata. Yazhini alinichorea kwa penseli vile walivyoukuta. Ilikuwa kazi ya mara mbili na haikuwa na malipo. Nirojan akasema wateja watadhani tumekosea. Nikasema wacha wadhani.

Sasa vyuo vinne vinaitumia, vyote vyenye kumbi za chini. Kila mwaka wanafunzi wapya wanapoanza, mmoja au wawili hutuandikia: bega la kushoto la mwili wenu limeinama, tafadhali rekebisheni. Nirojan ndiye anayejibu barua zote za wateja, lakini hizo hunisukumia mimi. Nami huwajibu kwa adabu kwamba tumeliangalia, na liko sawa.